UZI: Kazi yake ilikuwa kunyonga. Maisha ya Albert Pierrepoint, na swali la mtoto Ngomeni Lamu

Mwenye uzi (Mkomani, Lamu)

Asalaam aleikum wanajamvi.

Mimi hutembeza wageni na wanafunzi katika Ngome ya Lamu. Juzi nilikuwa na watoto wa shule ya msingi kutoka bara. Nikawaeleza kama kawaida yangu: ujenzi ulianza 1813 baada ya vita vya Shela, ukamalizika 1821; kisha kuanzia 1910 mpaka 1984 Ngome ikawa jela, ya Mwingereza kwanza, halafu ya serikali yetu. Watoto wakakimbilia ngazi wakaone bahari. Mmoja akabaki chini, mlangoni pa chumba kimoja chenye giza, akaniuliza: "Mwalimu, na mtu wa kunyonga alikuwa akilala wapi?"

Nikamjibu mbio mbio kwamba si kila jela ina mnyongaji, nikamshika bega tukapanda. Usiku swali likanirudia. Kila siku naulizwa wafungwa walilala wapi. Huyu aliuliza mnyongaji alilala wapi. Mtoto alishaona jambo ambalo mimi, miaka yote hii nikiingia na kutoka mlango ule, sikuliona: kwamba huyo naye ni mtu, na mtu akimaliza kazi hurudi kwake, huvua viatu, hula wali wake, hulala ubavuni mwa mkewe.

Basi uzi huu ni jibu langu, japo limechelewa. Nitaeleza maisha ya mnyongaji mmoja ambaye habari zake zimeandikwa kwa kirefu, Albert Pierrepoint wa Uingereza. Ni mbali na Amu, yaani Lamu yetu, naam. Lakini sheria iliyompa kazi yeye ndiyo iliyokuja kwetu pamoja na bendera ya Mwingereza, na nitafika hapo. Nina neno la nyumbani kwetu pia, la babu yangu mzaa mama. Hilo nitaliweka mwisho, maana si jepesi kulisema.

Kwetu, mtoto wa fundi wa majahazi kule Matondoni hukua akinusa sifa, yale mafuta ya papa ya kupaka vyombo, na kumwona babake akitia kalafati, pamba ya kuziba mianya ya mbao. Albert alizaliwa 30 Machi 1905 kijijini Clayton, karibu na Bradford, katika nyumba ambayo kazi ya kurithishana ilikuwa kitanzi. Babake, Henry, alinyonga watu zaidi ya 100 kati ya 1901 na 1910. Ami yake, Thomas, alianza 1906 akaendelea mpaka 1946, miaka 40 kamili. Likizo za shule Albert akizimaliza kwa ami, na huko akisoma daftari ambamo ami aliandika kila mtu aliyemnyonga. Alipokuwa na miaka 11 walimu waliwaambia watoto waandike wangependa kuwa nani wakikua. Yeye akaandika kwamba angependa kuwa mnyongaji wa serikali.

Nimelitazama jambo hili kwa muda. Sioni mtoto mbaya hapo. Naona mtoto aliyempenda babake. Henry alikuwa ameachishwa kazi kwa aibu: Julai 1910 aliingia jela ya Chelmsford akiwa amelewa, siku moja kabla ya kunyonga, akapigana na msaidizi wake. Jina lake likafutwa. Alikufa 1922, na mwana akabaki na makaratasi yake na jina la ukoo lililokuwa limechafuka.

Msaidizi aliyepigwa siku ile aliitwa John Ellis, kinyozi wa mji wa Rochdale. Naye alikuja kuwa mnyongaji mkuu. Januari 1923 alimnyonga mwanamke, Edith Thompson, na mwaka uliofuata akaiacha kazi. Septemba 1932 akajiua kwa mkono wake. Mwezi uleule wa Septemba 1932 jina la Albert Pierrepoint likaingizwa katika orodha ya serikali. Mmoja alikuwa akitolewa nyumbani kwake kwa jeneza, mwingine anafungua barua ya kukubaliwa kazi.

Si kazi ya mshahara, nisisitize hilo. Hakuwa na ofisi wala sare. Aliomba 1931, akasailiwa jela ya Strangeways kule Manchester, akafundishwa wiki moja jela ya Pentonville, London, kwa kutumia sanamu ya mtu. Baada ya hapo akarudi kusambaza bidhaa za duka la vyakula kwa gari. Barua ikija, anaomba ruhusa kwa tajiri wake, anapanda treni, anafanya alichoitiwa, anarudi dukani. Alilipwa kwa kichwa. Mara ya kwanza kusimama jukwaani ilikuwa 29 Desemba 1932, jela ya Mountjoy mjini Dublin, akimsaidia ami. Alikuwa na miaka 27.

Naendelea baada ya swala.

Kijana wa Shela

Mwalimu shikamoo. Samahani kwa swali langu, lakini ilikuwa ikifanywaje hasa? Sinema hutuonyesha mtu akirusharusha miguu muda mrefu.

Mwenye uzi

Marahaba mwanangu. Nitakueleza, ila mwenye moyo mwepesi aruke hapa.

Zamani ilikuwa kama ulivyoona. Mtu alitundikwa, akafa kwa kukosa pumzi, na ilichukua muda. Aliyebadilisha mambo Uingereza ni William Marwood, fundi viatu wa Horncastle, aliyeanza 1872. Yeye alipima. Mtu akiporomoka umbali unaolingana na uzito wake, shingo huvunjika mara moja. Umbali ukipungua, atanyongeka polepole. Ukizidi, kichwa kitakatika. Serikali ikaja kutengeneza jedwali; lile la 1913 lilitaka ugawe 1,000 kwa uzito wa mtu kwa ratili (paundi), upate futi. Mtu wa kilo 68 basi huporomoka kama mita 2. Mnyongaji akiongeza au kupunguza inchi kadhaa kwa kuangalia shingo: ya mzee, ya kijana, nene, nyembamba.

Kwa hiyo kazi ilianza siku moja kabla. Kanuni ilitaka mnyongaji awe ameripoti kufikia saa kumi jioni, na asitoke tena mpaka kazi iishe. Na hapa ndipo penye jibu la yule mtoto: alilala jelani. Humohumo ndani ya kuta zile, kitanda kimetandikwa, chakula kimeletwa, mlango umefungwa.

Jioni hiyo alimchungulia mfungwa kwa tundu la mlangoni. Mfungwa hakujua. Labda anacheza karata na askari waliowekwa wakae naye usiku na mchana, labda anaandika barua. Albert anatazama mabega, shingo, jinsi mtu anavyotembea. Kisha anaingia chumba cha pili, anapiga hesabu, anafunga mfuko wa mchanga wenye uzito wa mtu yule kwenye kamba, anauporomosha, anauacha uning'inie usiku kucha ili kamba ijinyooshe yote isije ikacheza asubuhi. Alfajiri anaupandisha tena, anapima upya, anachora alama ya chaki kwenye mbao mahali ambapo miguu itasimama.

Chumba hicho cha pili kilikuwa wapi? Ukutani pa chumba cha mfungwa kulikuwa na kabati kubwa la nguo. Wiki tatu mtu anaishi na kabati lile. Asubuhi ya siku yenyewe, saa ikigonga, mnyongaji anaingia, anamfunga mikono nyuma kwa ukanda wa ngozi, askari wanalisukuma kabati kando, na nyuma yake kuna mlango. Hatua chache tu. Anasimamishwa juu ya chaki, msaidizi anafunga miguu, Albert anamvika mfuko mweupe kichwani, kitanzi shingoni, pete ya shaba chini ya taya la kushoto, anavuta wenzo. Kwa kawaida haikufika nusu dakika tangu kuingia. Mei 1951, kwa mtu aliyeitwa James Inglis, ilichukua sekunde 7.

Kisha mwili unaachwa saa nzima. Baada ya saa hiyo alirudi kuuteremsha, na alijali sana ushikwe kwa upole. Aliamini kwamba mtu yule ameshalipa, hadaiwi tena.

Nimeyaandika haya yote kwa sababu moja. Huyu hakuwa katili. Wepesi ule ndio hisani pekee aliyokuwa nayo mkononi, na aliitoa yote. Kinachonitisha ni kwamba hisani ilihitaji kabati.

Mdau wa Malindi

Mwalimu unaandika vizuri lakini sikubaliani nawe. Huku kwetu tumezika ndugu waliouawa na majambazi wenye bunduki. Hakuna aliyewapimia wao shingo ili wasiumie. Huruma yenu huwa kwa muuaji na kwa mnyongaji, aliyezikwa hana wa kumwandikia uzi.

Mwenye uzi

Ndugu yangu, Mungu awarehemu hao mliowazika. Neno lako nimelipokea na sitalipangua kwa maneno matamu. Ni kweli, aliyeuawa husahauliwa kwanza.

Nikuongezee hata mimi. Desemba 13, 1945, katika mji wa Hameln, Ujerumani, Pierrepoint aliwanyonga watu 13 kwa siku moja. Wengi wao walitoka kambi ya mateso ya Wanazi ya Bergen-Belsen, akiwamo mkuu wake Josef Kramer, na msichana wa miaka 22 aliyeitwa Irma Grese. Waliyoyafanya kambini yalionwa na dunia nzima. Niliposoma habari za siku ile, sikulia. Kwa miaka iliyofuata aliwanyonga kama 200 kwa makosa ya vita, na magazeti yakamfanya mtu maarufu, yeye aliyekuwa amefundishwa asiseme kitu kwa mtu yeyote.

Kwa hiyo sitafuti machozi ya bure. Nataka tumwangalie aliyetumwa. Kama tunasema fulani auawe, basi kuna mkono utakaofanya, na mkono huo ni wa mtu mwenye jina. Nipe nafasi nikufikishe kwenye usiku mmoja, kisha useme.

Dada wa Langoni

Na mkewe je? Alijua? Mimi hilo ndilo linalonikaa. Unamwandalia mtu chai ya alfajiri, hujui mkono ule ulishika nini jana.

Mwenye uzi

Dada, alimwoa Annie Fletcher Agosti 1943. Annie alikuwa na duka la peremende jirani na duka alilofanyia kazi Albert. Alijua, na hakuuliza. Waliishi hivyo: mume akichukua mkoba wake mdogo anaaga, mke anamwambia safari njema, akirudi anakuta chakula. Sijui kama ukimya ule ulikuwa mapenzi au ulikuwa ukuta. Nadhani katika nyumba nyingi za watu wa kazi nzito ni vyote viwili.

Baada ya vita, 1946, wakachukua baa kule Hollinwood, karibu na Oldham. Jina la baa lilikuwa la zamani kabla yao: Help the Poor Struggler, yaani Msaidie Maskini Anayehangaika. Watu walifurika kuja kumwona mnyongaji akiwamiminia bia. Yeye hakuzungumza habari za kazi. Alipenda kuimba.

Hapo ndipo aliingia mtu aliyeitwa James Corbitt.

Alikuwa mteja wa kila siku, mtu wa nyimbo. Wawili hao walipenda kuimba pamoja "Danny Boy", na kama watani walipeana majina: Albert akimwita Tish, naye akimwita Albert kwa jina la Tosh. Jina la kweli la Tish, Albert hakulijua. Ni kama huku barazani. Kuna watu unakunywa nao kahawa miaka kumi, wanakuita kwa utani wako, ukiulizwa jina la babake hulijui.

Usiku mmoja wa 1950 Tish aliimba na Tosh, wakafurahi, akaondoka. Usiku huohuo, katika hoteli moja mjini Ashton-under-Lyne, akamnyonga mwanamke aliyempenda, kwa wivu.

Novemba ya mwaka huo Albert aliitwa mbele ya tume ya kifalme iliyokuwa ikichunguza hukumu ya kifo. Akatoa ushahidi. Akawaonyesha wajumbe jinsi anavyofanya kazi. Mwezi haujaisha, barua ikaja kutoka Strangeways. Akaenda, akafika jioni kama kanuni, akachungulia tundu la mlango, akamwona Tish.

Fikirini mtu huyu usiku ule. Anapima shingo ambayo ameiona mara nyingi ikitoa sauti ya wimbo. Anatia mchanga kwenye mfuko, na uzito ni wa rafiki.

Asubuhi ya 28 Novemba 1950 akaingia. Mfungwa alikuwa amewaambia askari kwamba anamjua mnyongaji, na alikuwa na wasiwasi kama Albert atamtambua au atamfanya mgeni. Alipoingia, Corbitt akasema, "Halo, Tosh." Albert akamjibu, "Halo, Tish, hujambo?" Ni hayo tu. Mtu yule akatulia, mabega yakashuka. Albert akamwambia, twende mzee wangu. Akaenda mwenyewe, karibu mbio.

Nimeisoma habari hii mara nyingi na kila mara nasimama kwenye lile "Halo, Tish". Angeweza kunyamaza. Kanuni ilimruhusu kunyamaza.

Baadaye aliandika alichojifunza pale, na mdau wa Malindi nisikilize hapa. Watu husema kitanzi kinatisha, mtu akikikumbuka atarudisha mkono. Basi Tish alikuwa nacho karibu kuliko mtu yeyote duniani. Mnyongaji mwenyewe alikuwa amesimama ubavuni mwake, wanaimba wimbo mmoja. Akatoka hapo akaenda akaua.

Mdau wa Malindi

Hilo sikulijua. Nimelisoma mara mbili. Endelea.

Mwenye uzi

Shukrani ndugu yangu.

Miaka ile ya mwisho kesi nzito zilifuatana. Machi 9, 1950 alimnyonga Timothy Evans, kijana aliyehukumiwa kwa kumuua mwanawe mchanga. Miaka 3 baadaye ikagunduliwa kwamba jirani wa nyumba ileile, John Christie, alikuwa muuaji wa wanawake, maiti amezificha ukutani. Christie naye akanyongwa Julai 1953, na aliyemnyonga ni Albert yuleyule. Evans alipewa msamaha 1966, akiwa kaburini miaka 16. Januari 1953 alimnyonga Derek Bentley, wa miaka 19, ambaye tayari alikuwa amekamatwa na polisi wakati mwenzake alipofyatua risasi. Hukumu yake ilifutwa 1998. Julai 13, 1955 akamnyonga Ruth Ellis, mwanamke wa mwisho kunyongwa Uingereza, na nje ya jela ya Holloway watu walijaa.

Msidhani aliacha kwa sababu ya hao. Januari 1956 alisafiri hadi Strangeways, akatayarisha kila kitu, kisha mfungwa akasamehewa. Theluji ilikuwa nyingi, akashindwa kurudi kwake usiku ule, akalala hotelini kwa pesa zake. Ujira wake ulikuwa pauni 15. Akatumiwa pauni 1. Februari 23 akaandika barua ya kujiuzulu. Ni kweli pia kwamba alikuwa na mapatano ya kuuza habari zake gazetini, na serikali haikupendezwa. Lakini yeye alisema ni ile pauni, nami namsadiki. Mtu aliyebeba kitu kikubwa kwa niaba ya nchi huumizwa na kidogo. Hakuomba asifiwe, alitaka tu asipunjwe.

Mwaka 1974 akatoa kitabu cha maisha yake, na humo akasema adhabu ya kifo, kwa maoni yake, haikuleta chochote ila kisasi. Baada ya miaka zaidi ya 23 kazini! Nisifiche upande wa pili: miaka 2 baadaye, akihojiwa redioni, alionekana kusitasita, kwa kuwa uhalifu ulikuwa umeongezeka. Alikufa 10 Julai 1992 mjini Southport. Hesabu ya aliowanyonga, wapo wanaosema 435, wapo wanaofikisha 600.

Ustadh wa Faza

Asalaam aleikum. Mwalimu, usisahau kwetu Waislamu kisasi kiko kwenye Kitabu, na pia msamaha uko humo humo, Suratul Baqara aya ya 178. Wenye damu wana haki ya kusamehe.

Mwenye uzi

Waaleikum salaam Ustadh, ahsante kwa kunikumbusha. Na hapo ndipo nilipoona tofauti kubwa. Mwaka 2003 mkata vichwa wa Saudia, Muhammad Saad al-Beshi, alihojiwa na gazeti. Alieleza kwamba kabla ya kutekeleza huwaendea jamaa za aliyeuawa kuwaomba wamsamehe mhukumiwa, na kwamba matumaini hubaki mpaka dakika ya mwisho. Mwenye upanga mwenyewe anakwenda kuomba upanga usitumike. Pierrepoint hakuwa na mlango huo. Msamaha kwake ulikuwa karatasi ya waziri, na wenye damu hawakuulizwa chochote.

Kijana wa Shela

Na Kenya mwalimu? Maana bado tunasikia mahakama ikisema fulani anyongwe.

Mwenye uzi

Ndiyo mwanangu, husikii vibaya.

Upanga wenyewe si mgeni Amu. Mwaka 1589 Wareno walimkata kichwa mfalme wa Lamu kwa kuwa aliwaunga mkono Waturuki walioongozwa na Mir Ali Bey. Jemadari wa Wareno tunamjua, Tomé de Sousa Coutinho. Aliyeushika upanga hatajwi.

Mwingereza alileta kitanzi. Wakati wa hali ya hatari, kuanzia 1952, serikali ya kikoloni iliwanyonga Waafrika zaidi ya 1,000 kwa kesi za Mau Mau. Hebu liweke hilo karibu na maisha yote ya kazi ya Pierrepoint, ulinganishe. Dedan Kimathi, kiongozi wa Mau Mau, alinyongwa jela ya Kamiti, Nairobi, 18 Februari 1957, akazikwa bila alama.

Baada ya Uhuru sheria ikabaki. Wa mwisho kunyongwa nchini walikuwa Hezekiah Ochuka na Pancras Oteyo Okumu, wa jaribio la mapinduzi la 1 Agosti 1982. Walinyongwa Kamiti Julai 1987. Tangu hapo hakuna. Lakini majaji wakaendelea kuhukumu, kwa kosa la kuua na la wizi wa kutumia nguvu, na watu wakaendelea kurundikana. Mwaka 2009 Rais Kibaki aliwabadilishia adhabu watu zaidi ya 4,000 kuwa kifungo cha maisha. Mwaka 2016 Rais Uhuru akawabadilishia 2,747. Desemba 2017 Mahakama ya Juu, katika kesi ya Muruatetu, ikasema jaji asilazimishwe kutoa hukumu ya kifo kwa kosa la kuua. Awe na hiari ya kumsikiliza mtu na kupima.

Uingereza wenyewe walinyonga mara ya mwisho 13 Agosti 1964, wakasimamisha 1965. Sisi tumebaki na sheria waliyoiacha. Sipendi hali hii. Mtu anaambiwa atanyongwa, na miaka inapita, na kila hatua ya kiatu kwenye korido anaisikia. Kama hatunyongi, tuifute, tusiwaweke watu na kabati ukutani.

Dada wa Langoni

Uliahidi habari ya babu.

Mwenye uzi

Ndiyo, dada.

Babu yangu mzaa mama alikuwa askari jela Ngomeni siku za Mwingereza. Siku moja alipewa mtu wa Siyu, aliyekuwa amehukumiwa kifo, amvushe mpaka Mokowe akamkabidhi kwa askari wa bara. Walivuka kwa dau, wakati wa kusi, upepo una nguvu. Mtu yule alikuwa na pingu mbele, amevaa kofia ya vito, ile ya kushonwa kwa mkono inayomaliza miezi. Katikati ya maji upepo ukaanza kuinyanyua. Akainua mikono yote miwili pamoja na pingu zake, akaivua, akampa babu. Akamwambia, "Nishikie, isiende na maji."

Walipofika Mokowe lori lilikuwa linangoja. Karatasi ikatiwa sahihi, mtu akapandishwa, lori likaondoka. Babu akajikuta amesimama gatini na kofia mkononi.

Hakupata kuizungumza habari hii ila mara moja, nami nilikuwa nimekaa miguuni pake. Alisema, "Mkono wetu ulikuwa wa kwanza. Wa mwisho ulikuwa wa mwingine, nami sikumjua."

Kijana wa Shela

Na ile kofia, mwalimu? Aliifanya nini?

Mwenye uzi

Aliiweka sandukuni miezi, mpaka alipopata likizo. Akapanda jahazi akaenda Siyu, akauliza nyumba, akaonyeshwa. Mama wa yule mtu alikuwa hai. Babu akabisha hodi, akajitaja yeye ni nani na kazi yake ni ipi, akamkabidhi.

Mama akaigeuza kofia ndani nje, akaitazama mishono. Kisha akauliza, "Umemvua wewe?"

Babu akasema, "La, mama. Kaivua mwenyewe, akanipa nimshikie."

Yule mama akainusa, akaikunja, akaitia ndani ya buibui lake. Akamwambia babu avue viatu aingie. Akampakulia wali na samaki, naye babu akala.